Kombania Isiyo na Namba

Mkunga alirudi kutoka zamu, hajavua hata viatu, akamkuta baba yake amesimama mbele ya kompyuta ya sebuleni, mkongojo juu, anataka kuitandika.

"Nani kaandika upuuzi huu?" Mzee alifoka. "Nakuuliza wewe, maana hawa ni wenzako!"

Wenzake kweli. Mkunga alikuwa mmoja wa watu wa kujitolea katika tovuti ya kumbukumbu za vita vya mpakani. Askari wa zamani walisimulia yaliyowakuta, watu wa kujitolea wakasoma, wakatafuta kila msimulizi alikuwa kombania gani, kisha wakaliunganisha simulizi lake na ukurasa wa kombania hiyo, ili anayetaka kujua nani alipigana wapi asihangaike. Kazi ya bure hiyo, ujira wake kuumwa macho na kiuno. Na ilikuwa na kanuni zake, mojawapo kwamba huruhusiwi kumuunganisha ndugu yako. Kwa hiyo simulizi la Mzee, aliyekuwa mpishi wa jeshi, lilishughulikiwa na mtu mwingine, naye akamweka Kombania ya Jikoni.

Hilo Mzee angelimeza. Mtaa mzima ulimwita Sajini Mwiko, na yeye alikuwa akiitika na kucheka nao. Lakini siku hiyo alikuwa amefungua ukurasa wa kile kilima alichokuwa akikiota usiku na kuamka amelowa jasho. Paliandikwa kwamba kilima kililindwa na Kombania ya Pili.

"Kombania ya Pili!" alisema, na mate yakaruka mpaka kwenye kioo. "Hao walitupita wamepakiana kwenye malori, wanakimbia! Sufuria zangu walizirusha barabarani ili wapate pa kukaa! Kilima tulikilinda sisi. Mpishi, karani wa mishahara, fundi magari, kinyozi, na wengine ambao bunduki walizoea kuzisafisha tu. Tulimzuia adui mpaka watu wa bondeni wakavuka daraja na watoto wao. Leo naambiwa nilikuwa jikoni. Napika nini na sufuria ziko barabarani?"

Mkunga alitaka kucheka, akaona uso wa baba yake, kicheko kikamkauka. Akavuta kiti, akatafuta. Ndivyo ilivyokuwa: mpishi jikoni, karani ofisi ya mishahara, fundi karakana. Kila mmoja alikuwa ametaja kilima kilekile katika simulizi lake, lakini wasomaji hawakuulizana mtu alipigania wapi. Waliangalia aliandikishwa wapi, wakabofya, wakasonga mbele. Na kilima kilipobaki hakina mwenyewe, wakakigawa kwa kombania iliyopangiwa eneo lile. Yule karani aliunganishwa na mkunga mwenyewe, tena akasifiwa kwa kazi safi. Kazi safi! Alijisikia kuutafuna mkono uliobofya.

Akampigia simu msimamizi wa tovuti.

"Nakuelewa kabisa, dada yangu," msimamizi alisema, sauti laini, sauti ya mtu anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Ila kombania lazima iwe na namba. Hao wazee wetu walikusanyika tu wenyewe. Jeshi halikuwahi kuwapa namba."

"Jeshi lilikuwa limekimbia! Angewapa nani?"

"Naelewa hisia zako."

"Usinielewe, kaka. Nirekebishie."

"Na kumbuka ni mzazi wako. Kanuni zinakukataza kumgusa. Tena Jumatatu kurasa za vita hivyo zinafungwa, hazibadilishwi tena. Tusipofunga hatutamaliza, dada."

Akakata simu. Alikata yeye, msimamizi, na hilo ndilo lililomuumiza mkunga kuliko yote. Mwanamke huyu amezalisha nusu ya mtaa, amewafokea wanaume waliozimia mlangoni mwa wodi, halafu mtu asiyemjua hata kwa sura anamkatia simu! Mzee alikuwa amesikia kila neno. Aliingia chumbani akajilaza na viatu vyake, na akiwa hasemi nyumba nzima huwa inaogopa.

Mkunga akawaandikia wenzake wote wa kujitolea. Hakubembeleza. Aliwawekea yale masimulizi pamoja, akawaambia wayasome kwa pamoja, kisha wamwambie nani alikuwa juu ya kilima kile. Yule mwalimu mstaafu aliyemuunganisha Mzee alijibu kwa ukali kwamba yeye amefuata kanuni na hatukanwi na mtu. Baada ya saa chache akapiga simu. Amesoma yote. Anaomba radhi. Halafu akauliza swali zuri kuliko maswali yote ya mwaka ule: "Hivi mama, hatulipwi. Wakitukasirikia watatufanya nini?"

Basi wakagoma. Hakuna kusoma, hakuna kuunganisha, hakuna kubofya. Msimamizi alituma ujumbe wa upole, wakanyamaza. Akatuma wa ukali, wakacheka. Jumapili mchana akafungua ukurasa mpya, amenuna waziwazi, akauita "Kombania isiyo na namba", akaubandika kwenye kilima na kuwaondoa wale wa malori. Mwalimu akayahamisha masimulizi yote, moja moja, na la Mzee akaliweka la kwanza.

Mkunga alimwita baba yake kwa sauti ya ushindi. Mzee akaja, akavaa miwani, akasoma polepole huku midomo inacheza. Mpishi. Karani. Fundi. Akafika chini, akarudi juu, akafika chini tena.

"Kinyozi yuko wapi?"

"Kinyozi hakuacha simulizi, baba."

"Ataachaje simulizi na alifia kule juu?"

"Ndiyo maana. Sisi tunaunganisha masimulizi. Kama hakuna simulizi, hakuna cha kuunganisha." Alikuwa amechoka, hajalala vizuri siku kadhaa, na neno likamponyoka: "Ndiyo hivyo, baba. Asiyekuwepo na lake halipo."

Afadhali angemzaba kofi.

"Asiyekuwepo?" Mzee alisema. "Asiyekuwepo? Sisi ndio hatukuwepo! Sisi tulishuka! Yeye ndiye aliyekuwepo mpaka mwisho! Kwa hiyo huko kwenu, ili mtu awe alipigana lazima kwanza awe alipona?"

Jirani akachungulia dirishani. Hasira zote alizokuwa nazo mkunga kwa msimamizi zilimgeukia mwenyewe.

"Kaa hapo," Mzee akamwamuru. "Andika."

"Niandike nini?"

"Andika: mimi ni kinyozi wa jeshi."

"Baba, kanuni ni mtu asimulie yake mwenyewe."

"Basi mwite aje!" Mzee alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Haya, mwite! Si una simu? Mwite!"

Mkunga akakaa. Akaweka vidole kwenye herufi.

"Mimi ni kinyozi wa jeshi," Mzee akaanza, na sauti ikashuka. "Asubuhi ile nilikuwa namnyoa mpishi. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja, risasi zikaanza. Nikamwambia upande wa pili nitaumalizia jioni. Mchana tukabaki na bunduki moja tu ya rasharasha, na risasi za kutosha mtu mmoja abaki nyuma, wengine washuke. Mpishi ndiye aliyekuwa anajua kuitumia. Mimi sikujua. Nikamwambia anionyeshe."

Akavua miwani. Mkunga hakugeuka kumtazama.

"Akanionyesha. Akanionyesha haraka haraka, maana alitaka kuondoka. Mpishi alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, wa kike, alishaniambia. Nikamwambia nenda, nitakuja nyuma yenu. Akaenda. Hakugeuka."

Vidole vya mkunga vilisimama. Mtoto wa kike nyumbani mwao alikuwa mmoja tu.

"Baba."

"Andika nilivyosema!"

Akaandika. Akaandika mpaka neno "hakugeuka", herufi zikimchezacheza machoni kwa machozi na ghadhabu, hajui amkasirikie nani. Kisha akaliunganisha simulizi la kinyozi na kombania yake. Kesho msimamizi angeliona na kupiga simu. Apige. Mkunga aliivuta simu karibu na mkono wake, akakaa akimngojea.