Maji Hayagombani na Jiwe

Jumatatu asubuhi Ndunge aliikunja sare yake ya shule, akaiweka juu ya kitanda cha mamake, na viatu akavipanga pale chini kama vya marehemu. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alisema shule ni ya dunia hii, na dunia hii inafungwa Jumapili.

"Inafungwa na nani?" mamake, Kavindu, aliuliza.

"Mtumishi amesema."

Mtumishi alikuwa mhubiri aliyefika Kathonzweni mwezi wa sita. Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Alipiga hema la maturubai ya buluu kando ya mto mkavu, mwendo wa nusu saa kutoka sokoni, na mwanzoni watu wa makanisa mengine walimpokea vizuri, maana aliwaombea wagonjwa na hakuitisha sadaka. Kisha akaanza kuwaita watoto peke yao. Aliwapa jina la wasafiri. Aliwafundisha kwamba chakula ni kamba inayomfunga mtu duniani, na anayetaka kuvuka aifungue polepole: kwanza chakula cha jioni, halafu cha mchana, halafu uji. Ndunge alikuwa amefika kwenye uji.

Babake, Kyule, alikuwa mlangoni akisikia yote. Alikwenda zizini akarudi na kamba ya mbuzi.

"Nitamfunga kwa nguzo mpaka akili imrudie. Mama Muli, toka hapo."

Jina hilo lilimchoma Kavindu kama siku zote. Muli alikuwa kifungua mimba wao. Alipoanza kutoroka shule akiwa na miaka kumi na sita, ni Kavindu mwenyewe, wala si Kyule, aliyemcharaza na kumfungia kwenye stoo ya mahindi siku mbili. Siku ya tatu walikuta bati moja limeng'olewa. Miaka saba sasa, hata simu hajapiga.

"Huyu hafungwi," alisema. "Tulishafunga mmoja."

Baada ya Muli kupotea, Kavindu alipata kazi ya jikoni kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakitengeneza barabara karibu na Sultan Hamud. Mpishi mkuu alikuwa mama mmoja aitwaye Lan, mwenye Kiswahili cha kuungaunga, ambaye naye alikuwa ameacha binti kwao. Siku Kavindu alipolia juu ya karai la vitunguu, Lan hakumpa pole. Alimweleza mafundisho ya wazee wao yanayoitwa Tao, yaani njia. Akafungua bomba, akakunja ngumi chini yake, maji yakamwagika yote. Akakunjua kiganja, maji yakatulia humo.

"Mtoto hivi," alisema. "Wewe kaza, yeye kwisha. Maji hapana gombana na jiwe. Kaa chini, ngoja. Lakini hapana ondoka."

Kavindu alikuwa mtu wa kanisa tangu utoto, na hakuona maneno hayo yakipingana na sala zake. Alimlea Ndunge kwayo. Hakumpigia kelele, hakumchagulia marafiki. Sasa, akiwa amesimama kati ya mume na mtoto, alijiuliza kama si kiganja hicho hicho, kilichokunjuka kupita kiasi, kilichomdondosha binti yake mpaka kwenye lile hema.

Kisha akakumbuka neno la mwisho la Lan, ambalo kwa miaka yote hiyo alikuwa amelipita juu juu. Hapana ondoka.

"Wewe nenda kwa naibu wa chifu," alimwambia Kyule. "Mimi nitamfuata."

Kyule alitupa kamba chini, akaenda. Aliambiwa kila mtu ana uhuru wa kuabudu, alete ushahidi.

Kavindu naye alijifunga leso, akabeba chupa ya uji, akamfuata Ndunge hatua kumi nyuma. Hemani alikaa mwishoni kabisa, chini, mchangani. Watoto walikuwa kama ishirini, wakiimba kwa sauti nyembamba isiyopanda wala kushuka. Rafiki wa Ndunge, Wayua, binti wa jirani yao Mumbua, alikuwa ameshikilia nguzo ili asimame. Mumbua mwenyewe alikaa mbele, uso umejaa furaha, akimpakata mwanawe mdogo.

Mtumishi alikuja taratibu. Alikuwa mwembamba, mpole, mikono laini kama ya mtoto.

"Mama, umetuletea mtego," alisema, akiitazama ile chupa.

"Nimemfuata mwanangu tu. Sina neno."

"Na ukiambiwa utoke?"

"Nitakaa hapo nje."

Mtumishi alitabasamu, akamwacha. Tabasamu lile lilimtisha Kavindu kuliko kama angemfukuza.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi hatua kumi nyuma, jioni hatua kumi nyuma. Hakumkaripia mtoto, hakumbembeleza. Chupa aliiweka kati yao wakipumzika njiani, na isipoguswa aliibeba tena. Kyule hakulala. Alimwambia mkewe kwamba anamsindikiza mtoto kaburini, na kweli kila siku mifupa ya mabega ya Ndunge ilizidi kuchomoza chini ya blauzi.

Alhamisi Mtumishi aliwaambia wasafiri wawape kisogo watu watakaowaacha. Mmoja mmoja waligeuka. Ndunge alimtazama mamake kidogo, kisha naye akageuka. Mwili mzima wa Kavindu ulitaka kuruka, umshike mtoto kwa nywele, umburure mpaka nyumbani. Aliizamisha mikono mchangani mpaka kucha zikauma. Alikaa.

Njiani siku hiyo Ndunge aliongea kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Mwaitu, kwa nini hunikatazi?" alimuuliza mamake.

"Nikikukataza utaniacha, na nataka niwe karibu. Nataka ule, Ndunge. Naogopa sana. Hilo tu ndilo ninalo."

Umbali kati yao ulipungua, zikawa hatua tano.

Ijumaa walikuta shuka nyeupe zimekatwa kwa kimo cha kila mtoto na kupangwa kwenye mkeka. Wakati wa wimbo Wayua alianguka. Hakupiga kelele, aliketi tu, halafu akalala, midomo ikiwa na rangi ya jivu.

"Asiguswe," Mtumishi alisema kwa upole ule ule. "Ameanza kuvuka."

"Haleluya," Mumbua aliitikia, machozi yakimtoka, wala hakunyanyuka.

Kavindu alisimama. Mtu hangoji tena mbele ya mtoto anayekufa, hilo hakuhitaji kufundishwa na yeyote. Alipita katikati ya watoto, akamwinua Wayua kwa makwapa. Wanaume wawili wa Mtumishi walikuja wakasimama mlangoni.

"Muweke chini, mama," mmoja alisema.

Hapo ndipo Ndunge alipotoka kwenye mstari. Aliinama, akashika miguu ya rafiki yake.

"Mwaitu, twende."

"Ndunge, ukitoka hurudi," Mtumishi alimwambia.

Msichana hakumtazama. Walitembea moja kwa moja kuelekea kwa wale wanaume, na labda ni kwa sababu alikuwa msafiri wao wenyewe, hawakujua la kufanya. Walisogea.

Barabarani walipata bodaboda. Kwenye kituo cha afya Wayua aliwekewa dripu, na nesi akasema masaa machache mbele angekuwa maiti. Ndunge alikunywa uji kwenye benchi, vijiko vitatu, akatapika, akanywa tena. Kavindu alimwegemeza begani.

Safari hii Kyule alikuwa na ushahidi. Polisi walifika mtoni Jumamosi asubuhi. Hema halikuwepo. Palikuwa na vipande vya kamba, alama za magurudumu ya lori, na mkeka mtupu. Mumbua alikuwa ameondoka na Mtumishi na wasafiri wake, pamoja na mwanawe mdogo. Bintiye alimwacha kitandani bila hata kumjulia hali.

Mchana ule ofisa mmoja alikuja nyumbani na daftari.

"Unawajua waliokuwa pale?" alimuuliza Ndunge.

Kyule alifungua mdomo, Kavindu akamgusa mkono. Walimngoja.

Ndunge alianza kuwataja, jina la mtoto, jina la babake, na siku aliyoacha kula. Wa kwanza, wa pili, wa tano. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikukatika. Alipofika wa kumi na mbili ofisa aliinua kichwa, akamtazama, akafungua ukurasa mpya.