Firigisi ya Jogoo wa Uwemba

Mwanangu Ronald ana mbwa. Mimi sina ugomvi na mbwa. Kwetu Uwemba nimewafuga maisha yangu yote, wakala ugali wa dona na mifupa, wakabweka vizuri tu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama chakula hicho ni cha asili au cha kiwandani. Lakini huyu wa Makambako, Tobi, ni habari nyingine. Huyu analala ndani, kwenye blanketi.

Kabla sijahamia kwake, Ronald alinipigia simu. Nikadhani anataka kujua hali ya nyonga yangu, maana ndiyo iliyonitoa shambani. Wapi! Alikuwa anahangaika na Tobi. Chakula cha mfuko kinamletea muwasho, mtaalamu mmoja wa mtandaoni kasema kina kemikali, mkewe Jasmine anasema hapana, kina kila kitu mbwa anachohitaji. Basi nyumba nzima ni mvutano kutwa.

"Mtaalamu anasema apewe vya asili, mama. Kuku wa kienyeji, maini, firigisi."

"Haya," nikamjibu, nimechoka kusikiliza. "Mimi nakuja na jogoo."

Sasa sikiliza. Kwetu mzazi hahamii kwa mtoto wake mikono mitupu. Anakwenda na jogoo. Jogoo anachinjwa, mwenye nyumba anawekewa firigisi, naye anaichukua kwa mkono wake na kumpa mzazi mbele ya wote. Hakuna hotuba. Maana yake ni kwamba hapa ni kwako, kaa. Marehemu mume wangu alimpa mama yangu hivyo hivyo, na Ronald alikuwepo, mtoto mdogo, anaikodolea macho.

Nyumba yangu nikamwachia Fidelia, binti wa dada yangu, na wanawe. Nikafunga virago, nikambeba jogoo wangu mwekundu, nikapandia gari Njombe mjini.

"Kamwene, mama!" Jasmine alinisalimu, akanipokea vizuri, sitamsingizia. Akamchukua jogoo, akacheka. "Leo Tobi ana bahati!" Nikacheka naye. Nilidhani anamaanisha mifupa.

Jioni mchuzi ukanukia. Harufu ya kuku wa kienyeji naijua hata nikiwa na mafua. Nikanawa mikono, nikakaa mezani, nikaletewa wali na kuku. Kuonja tu, nyama laini, inavunjika yenyewe. Kuku wa kisasa.

"Jogoo wangu yuko wapi?"

Ronald akanionyesha kona ya sebule, uso umejaa shukrani. Tobi alikuwa na bakuli lake, na ndani yake jogoo wangu, kachemshwa bila chumvi, kanyofolewa mifupa yote.

"Ahsante sana, mama. Tumefanya kama mtaalamu alivyosema. Hata firigisi tumemwekea."

Mungu wangu! Nikarudisha tonge kwenye sahani.

"Ronald," nikasema, "siku bibi yako alipohamia kwetu, baba yako alimpa nani firigisi?"

Jasmine akatutazama, haelewi kitu. Nikaona mwanangu anakumbuka, uso ukamshuka. Nikasubiri. Jamani, mama ni mjinga! Hata hapo nilikuwa tayari kusamehe. Angesema tu, "Mama, hapa ni kwako," ningekula kuku wa kisasa mpaka siku ya kuzikwa.

Akainuka, akaenda kwenye bakuli. Tobi alikuwa amenusa tu, akageuka, anasubiri punje zake za mfuko. Ronald akaokota firigisi, akaisuuza bombani, akaja kuiweka kwenye sahani yangu.

"Hajaigusa, mama."

"Ronald!" Jasmine akashtuka.

Nikaisukuma sahani. "Mrudishie mwenyewe. Mimi kesho naondoka." Machozi yalinitoka mbele ya mkwe, aibu gani hiyo. Niende wapi, wakati kitandani kwangu analala Fidelia? Nilisema vile ili akatae. Mzazi akisema anaondoka, mtoto anamshika mkono, hata mtoto mkorofi anajua hivyo.

Ronald akatazama sakafu. Akamtazama mbwa. Kisha akatoa simu mfukoni.

"Ngoja nikuulizie gari la asubuhi."