Kadi ya Arobaini na Tatu

Asubuhi wifi yake hakuwa akimsalimu. Alianza moja kwa moja kumtoa kasoro.

"Wewe Kinasa, hilo neno lako utalizaa lini? Mwezi wa kumi na nne huu! Unamkaribia tembo kwa kubeba mimba."

Kinasa alitua mkoba. Chumba chao cha kamusi kilikuwa na meza mbili, kabati la droo ndogondogo hadi darini, na dirisha lisilofunguka bila kupigwa bega. Kamusi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza kwa Kiswahili. Mhariri alikuwa dada mkubwa wa mumewe, na wachapaji walimwita Mkasi kwa jinsi alivyokata kurasa bila huruma. Yeye, mke wa kaka, walimwita Kinasa kwa sababu neno likishaingia sikioni mwake, halitoki.

Neno lililomkalisha miezi kumi na minne lilikuwa na herufi tatu tu: run. Mwanzoni alidhani ataandika "kukimbia" na kwenda zake nyumbani. Kumbe mtu hukimbia, lakini maji hutiririka, pua huchuruzika, soksi hufumuka, mgombea hugombea na duka huendeshwa. Wazungu walilibebesha neno moja mizigo yote hiyo kama punda wa kukodi. Kinasa alikwishafikisha maana sitini na moja.

Na kila maana ilikuwa na kadi yake. Mwanzilishi wa kamusi aliacha kanuni, nayo ilibandikwa juu ya mlango: maana isiyosikiwa ni uzushi. Kila kadi ibebe sentensi uliyoisikia kwa masikio yako, iliyosemwa na mtu mwenye pumzi, pamoja na tarehe, mahali na kazi ya msemaji. Atakayetunga sentensi, afungashe virago.

"Nimemwita Mwenyekiti," Mkasi alisema, akichonga penseli. "Hakuna binadamu anayesikia sentensi sitini na moja. Nyingine umezipika. Leo tutazionja."

"Wifi, hakuna niliyopika."

"Humu ndani mimi si wifi yako. Kazi nilikupa kwa kumwonea huruma kaka yangu. Nikiichukua, sitakuwa nimekudhulumu."

Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye mafua yasiyoisha, alifika saa nne. Mkasi aliivuta droo nzima, akaibwaga mezani. Alifumba macho, akachomoa kadi.

"'Hii nguo inachuja, usiichanganye na nyeupe.' Nani?"

"Dobi wa hapo chini. Hata sasa yupo."

Mwenyekiti alilipiga dirisha bega likafunguka, akamwita dobi, akauliza. Dobi akajibu kwamba alisema, na kwamba mwenye nguo hakusikia, na sasa mashuka yake yote ni ya waridi.

Mkasi hakucheka. Alichomoa ya fundi bomba, ikathibitika kwa simu. Akachomoa ya muuguzi, nayo ikathibitika. Kila kadi iliyopona ilimzidishia hasira. Kinasa naye alikuwa akiomba kimoyomoyo vidole vile visiifikie kadi moja tu.

Vikaifikia.

"Ya arobaini na tatu," Mkasi alisoma kwa sauti ya ushindi. "'Kaka yangu ataendeshwa mpaka lini na mwanamke huyu?' Mahali: ngazini. Msemaji..."

"Msemaji nani?" Mwenyekiti aliuliza, akipenga kamasi.

"Mhariri."

Siku ile ya kadi, Kinasa alikuwa akipanda ngazi, Mkasi akizungumza kwa simu kwenye kona. Mke mwingine angelia. Yeye alitoa kadi tupu, kwa mazoea ya kazi, akaandika kwanza; kulia kulifuata baadaye. Shahidi hakuwepo. Mkasi angesema "sikusema" tu, na yeye angefungasha virago vyake mchana ule ule.

Mkasi aliikodolea kadi macho. Kisha akakunja uso, akachukua penseli sikioni.

"Si hivyo."

"Hukusema?" Mwenyekiti aliinama mbele.

"Si hivyo nilivyosema! Sikusema 'mwanamke'. Nilisema 'kidudumtu'. Ataendeshwa mpaka lini na kidudumtu huyu. Kama ni kuandika, andika kilichosemwa!"

Lilikwisha kumtoka. Alishika mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Na hapo ndipo alipoghushi!" akapaza sauti haraka. "Amebadili neno!"

"Kwa nini ulibadili?" Mwenyekiti alimgeukia Kinasa.

"Niliona haya, Mwalimu." Hakuinamisha kichwa. "Niliwaza kwamba siku moja wanangu watakuta kadi hii. Sikutaka wamkute shangazi yao na mdomo wa namna hiyo."

"Nani alikutuma unifichie aibu?" Mkasi alifoka. "Matusi yangu ni yangu! Usinitilie sukari!"

Mwenyekiti alipiga chafya mbili, akafuta miwani. "Aliyetunga huondoka. Huyu hakutunga, amepunguza pilipili tu, na msemaji amekiri mwenyewe. Kadi iandikwe upya kama ilivyosemwa. Mama, ukipunguza tena, mimi mwenyewe nitakufungulia mlango. Mhariri, tia sahihi. Maana zote sitini na moja zinaingia."

Kinasa aliandika. Mkono ulisita kwenye neno lile, kisha akaliandika lote, wino mweusi, bila kuruka herufi. Mkasi alisimama nyuma ya bega lake akipumua kama chuma cha moto kilichotumbukizwa majini. Alipopewa kadi aliisoma mara mbili akitafuta kosa. Hakuliona. Akatia sahihi kwa nguvu hadi ncha ya kalamu ikatoboa karatasi.

"Usidhani tumepatana," alisema.

"Sijadhani, wifi."

Mkasi alirudisha kadi kwenye droo, akaipanga kati ya arobaini na mbili na arobaini na nne, sawasawa kabisa.