Arobaini na Mmoja kwenye 12.4

Vipimo vya unene wa mikono ya watoto 212 wa kijiji kimoja cha Mwese vilinifikia ofisini Mpanda Jumatatu. Kabla ya kuvitumia, huwa navijaribu. Mikono ya watoto wengi ikipimwa kwa haki, mchoro wake hukaribia umbo la kengele: wengi katikati, wachache pembeni. Hivi vilishindwa. Kati ya sentimita 12.5 na 12.8 hapakuwa na mtoto hata mmoja. Kwenye 12.4 walikuwepo arobaini na mmoja.

Chini ya 12.5 mtoto anapewa unga wa lishe. Kuanzia hapo hapewi. Vipimo vya kijiji vikishindwa, orodha nzima inafutwa hadi Juni.

Kesho yake nilipanda bodaboda kwenda kwa Scolastica, mhudumu wa afya aliyepima. Nilimkuta anapukuchua mahindi ya mbegu. Nikamwonyesha mchoro.

"Hili shimo ni la nini?" aliuliza.

"Ni watoto uliowakazia utepe wa kupimia mpaka wakasoma 12.4, mama."

Akacheka kidogo. "Kumbe nyie mkiwa Mpanda mnaona mpaka vidole vyangu." Hakukana. "Mtoto wa 12.6 sasa hivi Novemba, Februari atakuwa na ngapi? Piga hesabu, Damiano, si umesomea?"

Hesabu ninayo. Kwa miaka mitatu, watoto wa huku wamepungua karibu nusu sentimita kila msimu wa njaa. Alikuwa sahihi, na vipimo vyake vilikuwa vya uongo.

Nilipanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia msimamizi wangu kumwomba siku mbili za kupima upya.

"Orodha inafungwa leo saa kumi," alisema. "Toa hicho kijiji."

Ningeweza kulijaza shimo lile kwa namba za kubuni, na jaribio lingepita. Sikufanya hivyo; nilikitoa kijiji.

Niliporudi, Scolastica alikuwa amempakata Providence, binti wa miaka miwili wa jirani yake Salvatori.

"Huyu mpime mwenyewe."

Nikapima bila kukaza. 11.2. Nikatazama orodha: 11.2.

"Huyo nilimdanganyia?"

"Hapana, mama."

"Basi mwandike."

"Ameshaandikwa. Orodha ndiyo imefutwa."

Alimshusha mtoto chini taratibu. Nikaukunja utepe, nikamrudishia.