Breki za Pikapu ya Arvid

Janelle alishasema neno lake kwenye simu: Jumapili anakuja kutoka mjini Fargo, anashika usukani wa pikapu ya baba yake, na wanateremka kilima mpaka kwenye kibao cha kusimama. "Ikisimama sawasawa, Baba, baki huko kwako. Isiposimama, unafungasha unakuja kukaa kwangu kabla theluji haijaanza. Nimechoka kukaa roho juu."

"Gari halina shida," akajibu Arvid Tollefsrud.

Uongo mtupu. Ukikanyaga breki za gari lile, pedeli ilizama kama mguu kwenye tope, halafu pua ya gari ikavuta kushoto kuelekea mtaroni. Wiki iliyotangulia nusura agonge sanduku la barua la jirani. Na Janelle aliambiwa na nani, kama si jirani huyo huyo? Watu wa Dakota Kaskazini ndivyo walivyo, hawakusemi usoni, wanawapigia simu wanao.

Arvid alikuwa na miaka sabini na minne, naye kuliacha shamba akaishi kwenye chumba cha nyumba ya mtu, ale kwa saa za mtu, hilo alikuwa halitaki hata kulisikia.

Alhamisi akalipandisha gari kwenye jeki ndani ya banda. Gurudumu la mbele kulia lilimpa jibu upesi: breki ya upande ule ilikuwa imeganda kwa kutu, haikamati, na ya kushoto ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi peke yake. Akasugua kutu, akapaka grisi, kuvuta kushoto kukaisha.

Pedeli ndiyo iliyomtoa jasho. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa, na hakuna palipovuja. Basi ni upepo umeingia kwenye mafuta, akasema. Sasa kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, mmoja juu anakanyaga, mwingine chini anafungua nati. Kwa miaka arobaini na moja aliyekanyaga alikuwa mkewe, Lorraine, na kitabu mapajani. Arvid akabana fito kati ya kiti na pedeli, akajiingiza chini ya gari.

"Kanyaga," akasema.

Alikuwa kalala chali, spana mkononi. Lorraine walimzika Oktoba ya mwaka jana. Upweke ukamshika vibaya, akabaki pale mpaka baridi ya sementi ikamwingia mgongoni.

Siku ile aliingia na kutoka chini ya gari mara kumi na tisa, na pedeli ikabaki laini vile vile. Ijumaa asubuhi akameza kiburi, akampigia Duane Schaff, fundi mstaafu wa mji wa pili.

"Ukikanyaga mara ya pili haraka haraka, inapanda?" akauliza Duane.

"Inapanda."

"Ya tatu?"

"Inakuwa ngumu kabisa."

"Basi hakuna upepo hapo, mzee. Umegaragara chini bure. Breki za nyuma zimelegea, ziko mbali na dramu. Magari hayo ya zamani yanajikaza yenyewe, lakini mpaka ufunge breki ukiwa unarudi rivasi. Wewe mara ya mwisho kurudi rivasi lini?"

Arvid akajaribu kukumbuka.

"Au unazunguka uani kama wakulima wote, unaingia huku unatokea kule?"

"Nazunguka."

"Ah, bwana. Sasa miaka yote hiyo nani alikuwa anakukazia breki?"

Arvid akashukuru, akakata simu. Alimjua aliyekuwa akizikaza. Kila Alhamisi Lorraine alirudi rivasi mpaka mlango wa jikoni kushusha vitu vya dukani, akifunga breki kwa kishindo, na kila Alhamisi Arvid alimfokea dirishani: "Utaliua gari hilo, mwanamke." Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akilitunza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na wa kumwomba radhi hayupo.

Mchana ule akaenda rivasi na kukanyaga, akaenda mbele, akarudi tena, uwanja mzima. Baada ya mara ishirini hivi pedeli ikakaa juu, ngumu, kama ya gari jipya.

Jumapili Janelle akaendesha. Katikati ya mteremko akafunga breki ghafla bila kumwonya baba yake. Gari likasimama pale pale, limenyooka.

"Haya," akasema. "Umeshinda."

"Si nilikuambia halina shida?"

"Ulinidanganya, kisha ukalitengeneza."

Wakacheka wote wawili. Nyumbani wakanywa kahawa wamesimama, maana Janelle alikuwa na mwendo wa saa nne mbele yake. Alipokuwa mlangoni anafunga vifungo vya koti, akasema bila kumtazama, "Chumba nilikuwa nimeshakipaka rangi."

Arvid hakuwa na habari. Siku zote alidhani ni vitisho tu.

"Rangi gani?"

"Njano hafifu. Nikasogeza na kitanda dirishani, ukiamka uone barabara. Najua unapenda kuona nani anapita."

Arvid alitaka kumwambia kwamba wiki nzima ameongea na watu wawili tu, tena kwa simu. Alitaka kumwambia, nichukue. Kwao hakuna aliyewahi kumfundisha kutoa maneno kama hayo.

"Njano ni rangi nzuri," akasema.

"Ni nzuri, ndiyo." Akambusu shavuni, akaondoka.

Arvid akasimama barazani mpaka vumbi la gari la bintiye likatulia, kisha akaingia ndani. Ilikuwa saa nane tu ya mchana.