Kisogo cha Redio

...na hapa, chini ya sikio, pale mshipa unapopiga, hapa wembe ungezama kama kwenye sabuni, msusi aliwaza, akafuta povu kwenye taulo la begani, akaivuta ngozi ya shingo kwa kidole gumba kama alivyofundishwa, vuta kwanza ndipo upitishe, na shingo ikalegea mkononi mwake bila wasiwasi, shingo ya Redio, shingo anayoichinja usingizini mwaka wa nne huu na kuamka amekunja ngumi, leo imejileta yenyewe, saa nne asubuhi, kwenye kiti cha kwanza alichokinunua alipohamia mji huu kuanza upya, "Ninyoe zote, shoga," basi, hakuna nisamehe, hakuna umeponaje, na mkono wake hautetemeki hata kidogo, ajabu, mkono uliovunjwa na kuungwa vibaya umetulia kama wa mtu anayemenya viazi, amekwishamaliza utosi na paji, imebaki huku nyuma, chini ya povu, na nesi aliyekaa chini ya draya anapaza sauti kwa sababu hajisikii mwenyewe, "Dada, nywele zote hizo, ukirudi nyumbani hata mbwa wako atakubwekea," na Redio anajibu, "Sina mbwa, sina mume, nina kichwa tu," nesi anacheka mpaka draya inatikisika, cheka, mama, cheka, hujui uliyekaa naye, tangu bweni la chuo anaitwa Redio kwa kuwa neno halikai kifuani mwake, na mimi mjinga nikampa neno moja la kuniwekea, moja tu, Ijumaa ile, miaka minne iliyopita, alimsuka kichwa hikihiki, mistari minane, akimnong'oneza kwamba yeye msusi ameshindwa, mumewe sasa anamfungia ndani kwa kufuli na mnyororo akienda kazini, Jumamosi asubuhi Redio akampangishia chumba nyuma ya karakana ya seremala, kwa jina lake Redio, akaapa kwa uhai wa mama yake, na Jumapili, msusi alikuwa mle chumbani anasuuza kikombe, kikombe cha bati chenye ua la buluu, mlango ukaja ndani pamoja na bawaba zake, na mumewe nyuma yake, kufuli mkononi, mnyororo umezungushwa kwenye ngumi, la kwanza begani, la pili kwenye mkono, mfupa ukalia kama fito, na kikombe kikawa kinabingirika tu, kinabingirika, mpaka mafundi wa karakana wakamwangusha na kumkalia, polisi wakaja, hajatoka gerezani tangu saa ile, na kila mtu akasema, nani mwingine aliyemwambia, si ndiye Redio, na msusi kitandani hospitalini akasema hivyohivyo, Redio alipokuja na kitambaa chake kichwani akageukia ukutani, wala hakumuuliza, ungemuuliza nini redio, inasema tu... basi sasa, kidogo tu, kidole gumba kivute, wembe upande nyuma ya sikio, halafu ushuke kwa nguvu, nesi atapiga kelele, damu itaruka mpaka kwenye kioo, na wembe ukapanda, ukasukuma povu, ukateleza mahali pasipo na nywele. Akapapasa. Kovu, laini, jeupe, limepinda kama upinde, lina nukta mbili kwenye ncha zake, na bega lake lile lililopigwa likawaka moto kabla akili haijafika, maana analijua, analo la namna hiyo begani, kila akioga analisugua, ni mkono wa kufuli lile, kile chuma kilichopinda, lakini Ijumaa ile halikuwepo, alipasua mstari hapahapa kwa ncha ya kitana, palikuwa na nywele nzito zinazokwama, na Jumapili mchana yule mtu alikuwa na pingu, kwa hiyo ni katikati ya siku hizo, kwa hiyo kile kitambaa hospitalini, Mungu wangu, kitambaa, alikuja na kichwa kilichopasuka na mimi nikamwonyesha mgongo, mapigo mangapi kabla hajasema, moja, kumi, na hasira haikuondoka, ilizunguka ikitafuta pa kushika, ungenipigia simu, toka kwako mpaka karakana ni saa nzima, ungetambaa, ungepiga kelele, au ulikuwa sakafuni, simu kaivunja, ulikuwa sakafuni unamsikia akiondoka na mnyororo wake na hujui hata kuinuka, na miaka minne mizima mimi nakuchinja...

"Umelifikia," Redio alisema, taratibu, hakuwa anauliza. "Kwa mdomo nani angeniamini?"

"Mnasemaje?" nesi aliuliza kutoka kwenye upepo wake, wembe ulikuwa palepale, juu ya mshipa, ngozi imevutwa vilevile, msusi akatazama chini na kuona ncha yake inacheza, mkono uliotulia asubuhi nzima ulipokuwa unataka kuua sasa unatetemeka, unaogopa kukwaruza.

"Tulia," alisema. "Usitikisike, nitakukata."