Njia ya Jeneza

Haya nilihadithiwa na Mwanarehema wa Likoni, mwaka wa tisini na mbili, tukichagua mchele wa arobaini ya mamake, Mwanatabu.

Mwanatabu alikuwa na njia aliyoipenda. Ilikuwa ya wazee: ilitoka majumbani, ikakata mikorosho, ikaishia makaburini. Upana wake ni jeneza na mabega ya wachukuzi, basi. Shamba lile la mikorosho lilipouzwa kwa tajiri wa mbali, chifu aliwaambia wanakijiji, "Njia ipitwayo haifungwi." Ndipo Mwanatabu akawa haipumzishi, kila kukicha yumo, panga mkononi, anafyeka.

Kisha mumewe, Bakari, akafa. Akapitishwa njia hiyo, na Mwanatabu akaingia eda: miezi minne na siku kumi, mjane hatoki. Akamwita shemejiye, Mwinyihaji, dirishani.

"Shemeji, njia usiiwache. Ipite japo mara moja kwa siku."

"Inshallah."

"Inshallah yako naijua."

"Ah, nawe! Kwani makaburi yatakimbia?"

"Makaburi hayakimbii. Ikimbiayo ni njia."

Mwinyihaji akacheka, akenda zake. Barabara ya lami ilikuwa karibu naye, na masika yakashuka. Kila akiulizwa, jibu lilikuwa, "Inapitwa."

Mwezi wa tatu wa eda akaja mpimaji wa ardhi pamoja na tajiri. Mwanatabu akamtuma binti yake, Mwanarehema, mbio.

"Njia ndiyo hii," Mwanarehema akasema.

"Ipi?" mpimaji akauliza. "Mimi naona nyasi za kiunoni. Nani anayeipita?"

"Mamangu."

"Basi aje mwenyewe atuonyeshe."

Njia ilianzia karibu na mlango wake; Mwanatabu aliyasikia yote. Mkono ulikuwa juu ya komeo. Akamfikiria Bakari, akafikiria maneno ya watu. Mkono ukashuka. Mpimaji akaandika kuwa hapana njia, akapanda gari.

Siku aliyotoka eda alikuta njia imefungwa kwa senyenge. Akazunguka kwa lami, mguu ukimuuma, malori yakimpigia honi. Alifika kwa Bakari jua la utosini. Kaburi lenyewe lilikuwa limemezwa na nyasi.

Magharibi Mwinyihaji akaja, macho chini.

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe. Lakini nawe utapitishwa baina ya malori."

Mwinyihaji akaondoka.

Mwanarehema akalala. Mwanatabu akasukuma panga chini ya kitanda, akalala ubavu, uso upande wa njia, akiipita kwa moyo: mkorosho wa kwanza, wa pili, ule uliopinda. Hakufika makaburini. Usingizi ulimchukua njiani.